Mtaro wa Kidato cha Pili

Kaka yangu alipooa, mizigo ya mkewe ilikuwa begi la nguo, godoro, na sanduku la bati lililobebwa na wanaume wawili huku wakilitua kila mara kufuta jasho. Mama alifurahi. Alininong'oneza, "Huyu kaja na vyombo." Sanduku lilipofunguliwa tukakuta mawe. Mawe kweli kweli: ya kijivu, ya rangi ya kutu, mengine yenye mistari kama kitambaa cha shati, kila moja limeviringishwa kwenye gazeti. Mama akakaa kitako. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikauliza, "Wifi, ulisikia kwetu tumepungukiwa mawe?"

"Haya ni ya kufundishia," alijibu bila kununa. "Ya kwenu nitaanza kuyaokota kesho."

Kesho yake akaanza. Tangu siku hiyo nilijua nimepata saizi yangu.

Wifi yangu ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu cha ushonaji. Mimi hushona sare za shule hiyo, na dirisha langu linatazama uwanja wao, kwa hiyo mambo yao mengi nayajua kabla ya walimu wenyewe. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kadiria, kwa sababu hapimi kitu, wala haruhusu kipimwe, kabla watu hawajakisia. Ukimuuliza saa, atakwambia ukadirie kwanza. Ukimkaribisha chakula, atakadiria kama kitamtosha, na huwa hakimtoshi. Binti yangu yumo darasani mwake, kidato cha pili. Tunamwita Kifungo, maana alizaliwa mdogo mno, na mtoto wa fundi cherehani ungemwita nani tena? Nyumbani humwita wifi yangu anti. Akishavuka barabara anamwita mwalimu, na ole wake achanganye.

Siku moja, wifi akiwa amekaa kibandani kwangu anasahihisha kazi za watoto, nilimuuliza kwa nini anajitesa. Walimu wenzake wanaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, kila mtu anashika njia yake. Yeye kila siku anababaika na kamba na mawe. Akaweka kalamu chini.

"Nilipokuwa na umri wa Kifungo," alisema, "mwalimu wetu alituandikia umri wa dunia ubaoni. Miaka milioni elfu nne na mia sita. Kwa tarakimu ni sifuri nyingi, wifi. Nikanakili, sifuri moja ikaniponyoka. Mwalimu akasahihisha, akaniwekea vema."

"Sifuri moja tu?"

"Sifuri moja ile ni miaka zaidi ya milioni elfu nne. Ilipotea kwenye karatasi yangu na hakuna aliyelia. Mimi mwenyewe sikujua. Mtihani nikafaulu. Nilifaulu, wifi, na nilikuwa sijui kitu."

Alisema hivyo kwa hasira iliyonishangaza, maana yeye ni mtu wa kucheka. Nikaelewa kwamba kila mwaka, katika kila darasa, mwenzangu anamtafuta yule msichana aliyewekewa vema ya bure, ili amrudishie sifuri yake. Tatizo ni kwamba watoto hawapendi kurudishiwa.

Siku alipowaonyesha tufe la dunia, lile la plastiki la kukumbatia kwa mikono miwili, aliwaambia wakadirie: mlima mrefu kuliko yote ungesimama kiasi gani juu ya tufe lile? Mmoja akasema urefu wa kidole. Mwingine akasema ukucha. Kifungo wangu, ambaye hana makuu, akasema punje ya mchele. Wifi akachana karatasi mbili za daftari, akazilaza pamoja juu ya tufe. "Mlima wenu huu hapa. Njooni mpapase."

Binti alirudi nyumbani amevimba. "Mama, anti ametupunguzia milima," alisema, akatupa begi. "Kwenye kitabu imechongoka kama meno, yeye anasema karatasi. Sasa kipi cha kweli? Mimi hii jiografia sina kichwa chake. Sihangaiki tena kuelewa. Nitakariri."

Nilimwambia akariri basi, si wenzake wote wanakariri. Kumbe nilikuwa namrudisha kulekule anti yake alikokukimbia.

Baada ya tufe ukaja utepe. Wifi alivuka barabara akataka utepe mwekundu wa mita arobaini na sita, mzima, usio na kiungo. Nikamuuliza anamvika nani. Akasema, dunia. Kila mita iwe miaka milioni mia moja. Wanafunzi waliufunga kuanzia tangi la maji, ukapita chini ya madirisha ya madarasa, ukaishia kwenye mwimo wa mlango wa ofisi ya mkuu wa shule. Tangini ndiko dunia inakoanza, mlangoni ndiyo leo. Wakawa wanatembea kando yake wakibandika vikaratasi: huku viumbe vya majini, pale mimea ya kwanza ya nchi kavu, karibu na ofisi mijusi wakubwa waliokwisha kutoweka. Kifungo akauliza bibi yake yuko wapi. Akaambiwa kwamba bibi yake, na bibi wa bibi yake, na watu wote waliopata kuwa watu, wanaenea kwenye milimita tatu za mwisho. Nilimwona kutoka dirishani kwangu, ameinama pale mlangoni, jicho limegusa ncha ya utepe.

Alikuwa amekwisha kuondoka pale mkuu alipofungua mlango. Mkuu alikuwa na haraka, simu iko sikioni, na utepe ulikuwa umefungwa usawa wa goti. Alipiga hatua mbili, akajikwaa kwenye zama za mijusi wakubwa, akaenda chini na miwani yake.

Mkuu si mtu mbaya, niseme ukweli. Anaogopa wazazi tu, na wazazi walikuwa wameanza kunung'unika kwamba watoto wa kidato cha pili wanazururishwa uwanjani wakati wenzao wanaandika. Alimwita wifi ofisini. Mimi nilikuwa nje napeleka sare, dirisha liko wazi, na masikio sikuyaacha nyumbani.

"Mwalimu, kuanzia sasa utafundishia ndani," alisema mkuu. "Chaki, ubao, watoto wameketi. Huko nje sioni faida yake."

"Na ukiiona, mkuu?"

"Nionyeshe."

Wifi akanyoosha kidole kuelekea darasa lake. Kila mvua kubwa maji yalikuwa yanaingia humo. Miaka nenda miaka rudi watoto wanapandisha miguu juu ya madawati, na mimi napokea sare zilizooza pindo. "Wanafunzi wangu watayatoa maji hayo," alisema. "Watapima uwanja wenyewe, watachora mtaro, wazazi watatusaidia kuchimba. Mvua za msimu huu zikiingia tena darasani, nitafundishia ndani, kwa chaki, mpaka nistaafu. Sitakuomba tena."

"Haya. Mvua ndiyo itaamua," alisema mkuu.

Nilitamani kumfinya wifi yangu. Nani alimtuma? Huyu ni mtu ambaye ukimfungia ndani na chaki umemzika, na kaburi kajichimbia kwa mdomo wake mwenyewe.

Walipima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi hutumia kulinganisha kuta. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha ya huku na mwingine ncha ya kule, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili hata kama mko mbali. Ukilinganisha na fimbo zenye alama, unajua ardhi imeshuka kiasi gani kutoka kwa mwenzako hadi kwako. Bila shaka walikadiria kwanza. Kutoka mlango wa darasa hadi korongo lililo nyuma ya uzio ni mita themanini, na darasa zima lilikubaliana kwamba hapo kati uwanja unashuka kimo cha nyumba. Walipopima wakapata sentimita themanini. Wakadhani mpira umevuja, wakapima upya. Themanini. Sentimita moja kwa kila mita.

"Hiyo ni tambarare, mwalimu," kijana mmoja alilalamika. "Hata maji hayawezi kuona mteremko huo."

"Wewe huuoni," wifi alimjibu. "Maji hatujayauliza."

Tena katikati ya uwanja walikuta mgongo, wa kimo cha tofali lililolazwa, ambao sote tumeupita miaka yote bila kuujua. Huo ndio uliokuwa unayarudisha maji darasani. Kitu kidogo namna ile kimeozesha sare za watoto wangapi.

Balaa lilikuja kwenye kuchora. Walichora uwanja kama mkate uliokatwa ili uone ndani yake. Kwa kwenda mbali, sentimita moja ya karatasi ilikuwa mita mbili za ardhi. Lakini kwa skeli hiyo mteremko wote ulikuwa milimita nne tu, na ule mgongo ulijificha ndani ya mstari wa penseli. Karatasi nzima ilikuwa mstari mmoja, kama mtoto aliyejaribu rula. Wifi akawafundisha wanavyofanya wachora ramani. "Kwa kwenda juu na chini tunatia chumvi," aliwaambia. "Tunatia chumvi mara tano, ili jicho lipate kuona. Sentimita moja ya kwenda chini itakuwa sentimita arobaini za ardhi. Na chini ya mchoro tunaandika skeli zote mbili, ili asiyekuwepo asidanganyike."

Wakaandika zote mbili, kwa mwandiko mzuri. Aliyechora alikuwa Kifungo, maana mkono wake umetulia, ameurithi kwangu. Mchoro ulipendeza. Uwanja wetu ulikuwa na kilima na bonde, na mtaro unakatiza humo kwa heshima zake zote. Nilijivuna mtaa mzima.

Siku ya kuchimba iligongana na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na wifi akapangiwa kuusimamia hadi mchana, asiruhusiwe hata kuchungulia nje. Mchoro akamkabidhi fundi mwashi, mzazi mwenzetu mcheshi aliyejitolea kuongoza kazi, na watoto wakaambiwa wamsaidie. Fundi alisoma skeli ya kwanza, akaona inatosha, kwa sababu michoro yote aliyowahi kujengea ilikuwa na skeli moja tu. Akaweka rula kwenye mtaro. Kina chake sentimita moja.

"Mita mbili kwenda chini," alitangaza.

Wazazi tuliguna. Mmoja akauliza kama tunapitisha treni. Fundi akatikisa karatasi. "Mchoro huu umetoka kwa mwalimu, mimi natekeleza." Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, ila asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Tukaanzia upande wa korongo, kwa kuwa mtaro huchimbwa kutoka unakoishia. Nami nilichimba, na mikono yangu hii iliyozoea sindano, mpaka malengelenge yakatoka.

Kilichonishinda kuelewa ni watoto. Hao ndio walioshika mpira wa maji. Hao ndio waliolalamika kwamba uwanja ni tambarare. Lakini nilipomuuliza Kifungo, "Hivi kweli ni mita mbili?" aliutazama mchoro wake akaitikia bila wasiwasi. "Si unaliona bonde lilivyo, mama?" Uwanja ulikuwa mbele ya macho yake, bapa kama meza ya kupigia pasi, na yeye bonde analiona kwenye karatasi. Wenzake wote waliitikia kwa vichwa.

Kufikia mchana tulikuwa tumekwenda mita chache tu kwa urefu, lakini waliokuwa ndani walikuwa wamezama, unaona udongo tu unarushwa. Mkuu akatokea, anarudi kutoka mkutanoni na viatu vyake vya kung'aa. Akasimama ukingoni, akatazama chini, akakutana na upara wa fundi.

"Mnamzika nani?" aliuliza.

Nilicheka peke yangu, kisha nikainamia jembe.

Wifi alifika muda huohuo, bahasha za mtihani ziko kwapani. Alitazama shimo, akatazama mchoro, na nikauona uso wake ukibadilika. "Skeli ya kwenda chini ni hii ya pili," alisema polepole. "Kina cha mtaro ni sentimita arobaini."

Fundi akavua glavu. "Basi kosa ni langu, mwalimu. Nimesoma moja nikaacha nyingine."

"Wewe ulikuwa mgeni kwenye mchoro huu, fundi. Wenyeji walikuwepo." Akawageukia wanafunzi. Hakuwafokea, na ndiyo ikawauma zaidi. Kifungo alikuwa anachezea ukosi wa shati lake, macho yako chini.

Mkuu aliguna. "Mwalimu, wazazi hawa nimewasumbua mara moja, mara ya pili siwezi. Tuseme unarudi kwenye chaki, tumeelewana?"

"Tulikubaliana mvua, mkuu. Bado haijanyesha."

Mkuu akatazama mbingu, kisha viatu vyake. "Mkimaliza wenyewe kabla haijanyesha, ni juu yenu," alisema, akaenda zake.

Jioni wifi alikuja kibandani. Nilimmiminia chai, hakukadiria chochote. Alikaa tu na kikombe mpaka chai ikapoa.

"Hata uwanja si kitu," alisema mwishowe. "Kinachoniuma ni watoto. Wamenakili, wifi. Wameandika skeli mbili kwa mwandiko mzuri, na mimi ningewawekea vema. Nimekuwa yule mwalimu wangu."

Mimi nikikosa la kumfariji mtu husema lolote. "Mimi ningewatumbukiza wote mule shimoni," nilisema, "wakakae na skeli yao."

Akaniangalia. Akainywa ile chai iliyopoa yote kwa mkupuo, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, kipindi cha jiografia, nilisikia vicheko uwanjani, nikaacha sketi kwenye mashine nikaenda kusimama kwenye uzio. Ngazi ilikuwa imeshushwa shimoni na watoto wanateremka kwa zamu, kila mmoja anakaa kidogo chini, anapandishwa. Zamu ya Kifungo ilipofika, alipotea kabisa. Alisimama kwa ncha za miguu, akainua mkono, na vidole vyake tu ndivyo vilivyochungulia juu ya udongo. Wifi akamrushia mchoro na penseli.

"Mtaro kwenye mchoro una kina gani?"

"Sentimita moja, mwalimu," ilitoka sauti chini.

"Na wewe una kimo gani?"

"Mita moja na nusu."

"Jichore, umesimama ndani ya mtaro. Lakini fuata skeli zako. Kwa kwenda juu tumia ile ya juu na chini, kwa upana tumia ile ya kwenda mbali."

 Wenzake wamelala kifudifudi ukingoni wanamchungulia, wanamsaidia kugawanya. Kimo chake kikatoka karibu sentimita nne. Mabega yake yakatoka milimita mbili. Nilisikia penseli ikikwaruza, kisha nikasikia kicheko cha binti yangu kutoka ardhini, kile cha utotoni ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

"Mwalimu, nimekuwa kama sindano," alisema. "Mrefu, mwembamba. Na mtaro unanifika magotini tu."

"Kwa nini umekuwa sindano?"

"Kwa sababu nimetiwa chumvi."  Akainua mchoro juu ya kichwa chake. "Na milima ya kwenye kitabu imechongoka kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu, hukuipunguza wewe. Kitabu ndicho kilichoirefusha."

 Wifi alinyoosha mkono akamvuta juu, na alimshika muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumtoa mtu shimoni. Baada ya hapo kila mtoto alitaka kujichora, na uwanja ukajaa sindano zenye majina.

Kuanzia siku hiyo walifukia na kuchimba wenyewe, kila baada ya masomo. Ukimuuliza yeyote kina cha mtaro, haangalii karatasi, anaingia ndani na kuonyesha goti. Penye mgongo waliongeza kina cha tofali moja, na chini kote walipitisha mpira wa maji, kwanza wakikadiria, kisha wakipima, na makisio yao yakaanza kukaribia. Fundi naye alikuja bila kuitwa. "Nililolichimba nitalifukia," alisema, na sasa kila akipewa mchoro alikuwa anauliza skeli ziko ngapi.

Walikuwa wamebakiza kusafisha mdomo wa mtaro, pale mlangoni mwa darasa, mvua ilipowakuta. Ilianza asubuhi, kipindi kimeshaingia, ile mvua isiyotania. Mimi nilikuwa dirishani na mguu uko juu ya kanyagio la cherehani, hausukumi. Niliyaona maji yakiteremka kutoka paani, yakakusanyika mlangoni, yakaingia mtaroni. Yakaenda mpaka penye mgongo. Pale yakasimama.

Yalikuwa mekundu ya udongo, yanapanda. Nikaona vichwa vya watoto vimejaa dirishani mwa darasa. Wifi hakutoka nje. Nilijitupia kitambaa cha sare kichwani nikavuka barabara, sijui nilidhani nitayasukuma kwa mikono. Nilipofika ukingoni, vishimo vya chini ya mtaro vilikuwa vimeshajaa, na jani moja lililokuwa limeganda juu ya maji liligeuka nusu duara, likatulia, kisha likaanza kusogea. Lilisogea taratibu, likiwa halina haraka na mtu, likapita mgongo, likashika njia ya korongo. Mengine yakalifuata. Nyuma yake maji yote yakaanza kuvutwa, na mlangoni yakaanza kupungua.

Mkuu alikuja na mwavuli. Alichungulia darasani kwanza, akaona sakafu kavu, miguu ya watoto iko chini kama ya watu wengine. Kisha akasimama kando ya mtaro, akatazama upande huu na upande ule.

"Unashuka kiasi gani?" aliuliza.

"Sentimita moja kwa mita," darasa lilijibu kutoka ndani.

Akakunja uso. Akanikabidhi mwavuli, akainama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini yeye hakuishia kuinama. Alichuchumaa na suruali yake ya ofisini, shavu likakaribia kugusa tope, jicho moja amelifumba.

"Mbona sioni mteremko wowote," alisema.

"Hata sisi hatuuoni, mkuu," Kifungo alimjibu kutoka mlangoni. "Maji ndiyo yanauona."

Mkuu alibaki amechuchumaa, anatazama majani yakipita. Baadaye akainuka, akafuta miwani kwa ncha ya shati. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya watoto.

"Mwalimu, ule utepe bado upo?" mkuu aliuliza.

"Upo, mkuu."

"Pakikauka ufungeni tena. Ila mniite kabla sijatoka ofisini. Mara ile sikufika mbali, niliangukia kwenye mijusi."

Darasa zima likaangua kicheko, na mkuu naye, na chini ya kicheko hicho wifi alipata nafasi ya kujifuta macho kwa mkono wenye chaki. Akabaki na alama nyeupe shavuni siku nzima, na hakuna mtoto aliyemwambia.

Jioni alileta michoro ya darasa kibandani kwangu. Niliwasha pasi, yeye akasahihisha. Alipofika kwenye ule wa Kifungo, wenye msichana mwembamba kama sindano amesimama mtaroni, maji yamemfika magotini, aliuweka mbele yake muda mrefu. Kisha akachukua kalamu nyekundu akaweka vema moja, kubwa.

"Hii si ya bure, wifi," alisema.

Niligeuza uso kwenye pasi. Nikamuuliza kama atakula kwetu. Akasema nikadirie.